Mtoto Ambaye Hakuulizwa



Ndugu zangu, dada zangu, naanza na swali. Tuseme wewe na mchumba wako mmepimwa damu, mkaambiwa nyote wawili mna jeni ya selimundu, ule ugonjwa ambao wengi tunauita sikoseli. Nyinyi wenyewe hamuumwi. Lakini kila mimba mtakayopata, kuna uwezekano wa asilimia 25 mtoto azaliwe mgonjwa. Halafu aje daktari awaambie, "Mimi naweza kumrekebisha kabla hajazaliwa." Mtakubali?

Usijibu haraka. Kwetu hapa Pwani, na kule Magharibi na Nyanza, hili si jambo la sinema. Anayebeba jeni hii moja hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwenye sehemu za malaria kama zetu. Wako wazazi miongoni mwetu wanaokesha na mtoto analia mifupa inamuuma. Tusiwazungumzie kana kwamba wanataka kushindana na Muumba. Wanataka mtoto wao alale, basi.

Sasa sikilizeni kilichotokea China. Novemba 2018, mwanasayansi anayeitwa He Jiankui alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha wawili wasichana ambao jeni zao alizibadilisha wakiwa bado viinitete kwenye maabara. Alitumia CRISPR, mbinu ambayo ni kama mkasi wa kukatia jeni pale unapotaka. Baba yao alikuwa na virusi vya Ukimwi, na He alisema anataka watoto wawe na kinga. Lakini mbinu ya kusafisha mbegu za baba ili virusi visimfikie mtoto ilikuwepo kitambo! Watoto hawakuwa wagonjwa, na hapakuwa na haja ya kuwakata chochote. Tena mabadiliko yenyewe hayakutokea vile alivyopanga, na karatasi waliyotia sahihi wazazi iliuita mradi huo utafiti wa chanjo ya Ukimwi. Desemba 2019 mahakama ya Shenzhen ilimhukumu kifungo cha miaka 3 na faini ya yuan milioni 3.

Yeye alifungwa, akatoka. Lakini wale watoto je? Alichokibadilisha wanacho mwilini, na siku wakizaa, huenda wajukuu wa wazazi wale wakakirithi. Hakuna aliyewauliza, na hakuna awezaye kukirudisha nyuma.

Hapo ndipo ninapotaka mtofautishe mambo mawili, kwa sababu watu huyachanganya.

La kwanza ni kumtibu mgonjwa aliyekwisha zaliwa. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu inayotumia CRISPR hiyo hiyo, na Marekani ikafuata mwezi uliofuata. Wanachukua seli za mgonjwa zinazotengeneza damu, wanazirekebisha nje ya mwili, kisha wanamrudishia. Ni tiba nzito, maana kwanza hupewa dawa kali za kusafisha uboho. Lakini mwaka 2023 iliidhinishwa kwa wa miaka 12 kwenda juu, kijana anayeweza kuelezwa akaelewa, akauliza, hata akakataa. Na mabadiliko hayo hayaendi kwa watoto wake.

La pili ni kubadilisha kiinitete. Hapo unamwamulia mtu ambaye hayupo, na kizazi chake chote.

Kuna ndugu waliniambia, "Lakini siku 120 hazijafika, roho haijapulizwa, tatizo liko wapi?" Hukumu ya kiinitete nawaachia masheikh wetu. Swali langu mimi ni la yule mtu atakayezaliwa. Kosa likifanyika siku ya kwanza, atakayeishi nalo miaka 60 ni nani? Wengine wakasema, "Kugusa jeni yoyote ni kubadilisha maumbile, ni haramu moja kwa moja." Ndugu, tunavaa miwani, tunapasuliwa, tunatibiwa saratani. Kutafuta dawa si uasi. Mtoto ni amana, na amana huitunzi kwa kuifanyia majaribio, wala kwa kuiacha iumie.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kumtibu mgonjwa kwa ridhaa yake, ndiyo. Kubadilisha jeni za kiinitete, kwa ujuzi ulioko sasa, hapana. Na nikisema hapana, lazima nimtazame yule mama machoni. Siwezi kumkataza mlango huo halafu nimwache mlangoni.

Ile tiba mpya bei yake Marekani ni zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Hebu nambie, nani kwetu ana pesa hiyo? Lakini iko dawa ya haidroksiyurea, ya kumeza, inayopunguza yale maumivu makali. Kuna kumpima mtoto mchanga mapema aanze kulindwa na maambukizi. Kuna kupimana kabla ya nikaha, si kwa kuvunjiana posa wala kuaibishana, bali mjue mnaingia na nini. Haya tunaweza kuyadai leo, kwa kaunti zetu, kwa jina.

Nawaomba mambo mawili. Jipime, ujue hali yako. Na mwakilishi wenu wa wadi akija mtaani, muulizeni: dawa ya sikoseli iko hospitali yetu, au haiko? Akisema iko, mwambieni twende pamoja tukaione. Maana siku hiyo mikasi ya jeni ikifika huku, watakaotangulia kufuatwa ni wazazi waliokata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hutia sahihi karatasi yoyote.