Ubongo, Mishipa ya Fahamu, na Haki ya Mgonjwa wa Kifafa



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake, leo napenda tuuangalie mwili huu tuliokuja nao msikitini, na hasa kile kinachouongoza, yaani ubongo pamoja na mishipa ya fahamu. Nitaeleza kwanza jinsi ulivyoumbwa, kisha nitaingia katika jambo lililonisukuma kuichagua mada hii, nalo ni kifafa, maradhi ambayo wengi wetu huyakimbia pale pale mgonjwa anapohitaji mkono wa mtu.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na gramu mia tatu au mia nne hivi. Ni kitu laini mno, ndiyo maana umetiwa ndani ya fuvu, ukafunikwa kwa utando wa tabaka tatu, na ukaelea katika majimaji. Chini yake hushuka ugwe upitao ndani ya mifupa ya mgongo, wenye urefu wa kiasi cha sentimita 45 na unene kama wa kidole cha mwisho. Ubongoni hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu, zikiwamo za kuona, kunusa, kusikia na kuuendesha uso na ulimi. Na katika ugwe hutoka jozi 31, ziendazo mikononi, kiwiliwilini na miguuni. Wala tusichanganye mishipa hii na ile ya damu. Katika lugha yetu neno mshipa limebebeshwa mizigo mingi, hata mwenye ngiri naye husema ana mshipa. Mshipa wa fahamu haupitishi damu kama mfereji. Ni mfano wa kamba iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na kila uzi una habari yake unayoichukua.

Chembe za fahamu zilizomo ubongoni hukadiriwa kuwa bilioni 86. Huzungumza kwa umeme mdogo sana, na pale chembe mbili zinapokaribiana pasipo kugusana, moja humimina kemikali na nyingine ikaipokea. Ubongo ni kama sehemu moja tu katika hamsini ya uzito wa mwili, ilhali hutumia sehemu moja katika tano ya nguvu ya mwili uliopumzika.

Tazameni jambo dogo la kusimama katika safu. Sisi hudhani kwamba tumesimama tu. Lakini nyayo zinapeleka habari za ardhi, misuli inaeleza imekazwa kiasi gani, masikio ya ndani yanapima kichwa kimeinama wapi, na ubongo mdogo ulio kisogoni unazisawazisha habari hizo zote ili mtu asianguke, ilhali mwenyewe anamsikiliza imamu. Na atokaye gizani akajikwaa kidole cha mguu hupata maumivu mara mbili: kwanza makali, ya ghafla, kisha mengine mazito yanayochelewa. Sababu yake ni kwamba nyuzi za kwanza hupeleka habari kwa mwendo wa mita nyingi kwa nukta, na nyuzi za pili hujikokota kwa mita moja hivi. Vivyo hivyo mpishi aliyegusa kaa la moto huuondoa mkono kabla hajajua kuwa ameungua, kwa kuwa amri ya kuuondoa imetoka katika ugwe wa mgongo, haikungojea ubongo ufikiri.

Mambo haya hayakuanza kujulikana jana. Tabibu wa Kiyunani Galeni, ambaye Waarabu humwita Jalinus, alionyesha mbele ya watu kwamba ukiukata mshipa mwembamba wa fahamu uendao kooni mwa nguruwe anayelia, sauti hukatika papo hapo ingawa mnyama yu hai na anapumua. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye aliandika habari za mishipa ya fahamu katika kitabu chake cha Kanuni ya utabibu, kilichosomeshwa Ulaya kwa karne kadhaa.

Sasa nije kwenye kifafa. Katika hali ya kawaida chembe za ubongo husemezana kwa zamu na kwa kipimo. Katika kifafa, kundi zima la chembe hulipuka kwa umeme wakati mmoja. Ikiwa mlipuko umeanzia katika sehemu inayouamrisha mkono, mkono hutetemeka. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo hutawala upande wa kulia wa mwili, tabibu aonapo ni mkono upi ulioanza huweza kukisia wapi pana hitilafu. Ukienea ubongo mzima, mtu huanguka, hukakamaa, hutupatupa viungo, pengine hujiuma ulimi au kujikojolea. Na wako ambao hawaanguki kamwe: mtoto hukodoa macho darasani kwa nukta chache, na mwalimu humchapa kwa kudhani hasikilizi. Umeme huo si jambo la kudhaniwa. Tangu mwaka 1924 daktari wa Kijerumani Hans Berger aliweza kuuchora kwa mashine kutoka juu ya kichwa cha mtu.

Lakini nyumbani kwetu tunafanyaje? Mtu akianguka, wa kwanza husema amepagawa, wa pili husema mate yake yanaambukiza, na wa tatu hukimbilia mlangoni. Katika nchi ya Mahenge, kusini mwa Tanzania, Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta watu wenye makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameangukia mekoni, na waliokuwapo wakaogopa kuwagusa. Ndugu zangu, moto ule haukuwa sehemu ya maradhi. Uliongezwa na hofu ya watu.

Mjadala wa majini una mahali pake, nami siufungui hapa. Nasema hivi tu: kuamini kuwa majini wapo hakumpi mtu elimu ya kujua kwamba huyu aliyeanguka mbele yake amepagawa, wala hakumpi ruhusa ya kumpiga, kumfunga kamba au kumfukiza moshi mpaka akose pumzi. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas, yumo mwanamke mweusi aliyekuwa akiangushwa na maradhi haya, akamwendea Mtume mwenyewe kumweleza. Alipewa hiari ya kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba dua asiwe anafunukwa na nguo zake anapoanguka. Tizameni lililomtia uchungu: ni aibu ya kuonekana na watu. Basi wa kwanza kufika amfunike mgonjwa, na wengine waache kumzunguka. Wala asitokee wa kusema kwamba kisa hiki kinakataza dawa. Uchaguzi ule ulikuwa wake, na imepokewa pia kwamba Mtume aliwaamrisha watu kujitibu.

Sababu za kifafa ni nyingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, malaria iliyopanda ubongoni, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, na mara nyingine sababu haijulikani. Mahali penye usubi wengi, kama huko Mahenge, kifafa huonekana kwa wingi, na wataalamu wamekihusisha na minyoo inayoenezwa na mdudu huyo. Iko sababu nyingine ambayo Waislamu hudhani haiwahusu, nayo ni mayai ya tegu wa nguruwe. Mayai haya hutoka katika choo cha mtu mwenye tegu, yakaingia katika maji, mboga au mikono isiyonawiwa, na mtu ambaye hajaonja nyama ya nguruwe maishani mwake akayameza, yakaota ubongoni.

Akianguka mtu, ondoeni mawe, visu na moto vilivyo karibu, mwekeeni kitu laini chini ya kichwa, mlegezeeni ukosi. Msimshike kwa nguvu. Msimtie kijiko wala kidole kinywani, kwani ulimi haumezwi, bali meno ndiyo huvunjika. Mtikisiko ukiisha mlazeni ubavu, na mkae naye hadi fahamu zirejee. Ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja.

Dawa ipo. Fenobabito, iliyoanza kutumiwa kwa kifafa mwaka 1912, ingali inatolewa hadi leo na bei yake ni ndogo. Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 50 wana maradhi haya, na kwamba hadi 70 katika kila mia wangeweza kuishi bila kuanguka lau wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Sharti lake gumu ni kutoikatiza. Mgonjwa hukaa miezi sita salama, jirani akamwambia amepona, akaiacha dawa ghafla, na mlipuko ukarudi kwa ukali kuliko wa awali, pengine ukamwua.

Na kwa kuwa vidonge vingi humezwa kwa saa maalumu, liko suala la Ramadhani ambalo yafaa liulizwe mapema, katika Rajabu au Shaabani, si usiku wa kuamkia mwezi. Wapo ambao daktari ataweza kuwapangia dawa ya daku na ya futari. Wapo ambao atawaambia wasifunge, maana kukosa usingizi na kuchelewesha dozi huwaangusha. Mgonjwa wa namna hii ana ruhusa ya dini, naye apikiwe chakula cha mchana nyumbani kwake, akile mezani pamoja na watoto, pasipo kufichwa chumbani.