Waliotoka Nje Kutazama
Dominika ya Epifania



Katekista mmoja wa Kasulu aliniuliza kama ni dhambi kuwaonyesha watoto nyota kwa darubini, kwa kuwa wazazi wengine walidhani ni uaguzi. Kupiga ramli kwa nyota Kanisa hukataza. Kuitazama kazi ya Muumba ili kuifahamu ni jambo jingine kabisa.

Hata hivyo, tusijifanye kwamba hatukupata kukosea. Mwaka 1610 Galileo Galilei alielekeza darubini yake ndogo kwenye sayari ya Mshtarii, akaona miezi minne ikiizunguka. Mwaka 1633 mahakama ya Kanisa ilimhukumu kwa kufundisha kwamba dunia hulizunguka jua, na ni mwaka 1992 ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili alipokiri hadharani kosa la wanateolojia wa wakati ule. Miaka 359!

Basi, katekista, usiogope. Vijiji vya Kibondo vilivyo mbali na taa za umeme vina utajiri ambao miji mikubwa imeupoteza, nao ni giza. Zimeni taa, mkae nusu saa, kwa maana jicho huchelewa kulizoea giza, na mwanga wa simu moja huharibu kungoja kote. Anzeni na Kilimia, kundi lililopewa jina kutokana na kulima. Jioni za Januari huwa juu, upande wa kaskazini, mvua ikiwapa nafasi. Macho matupu huona nyota sita au saba. Darubini huonyesha makumi. Kisha tafuteni lile wingu la nuru katika upanga wa Orioni. Ukilikazia macho hufifia. Ukitazama pembeni kidogo, hujitokeza. Nuru hiyo imesafiri miaka ipatayo 1,300 kabla ya kulifikia jicho la mtoto wako.

Lakini kamwe darubini isielekezwe kwenye jua, maana jicho hupofuka mara moja. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, watu waliokusanyika Rujewa, Mbeya, walilitazama kwa miwani maalumu. Miwani hiyo haitoshi kumlinda mwenye kutumia darubini.

Turudi kwa Mamajusi. Walitazama juu, wakasafiri, na walipofika Yerusalemu hawakuona haya kuuliza. Makuhani wakuu na waandishi walilijua jibu. Waliitaja Bethlehemu bila kusita. Lakini Mathayo hatuambii kwamba hata mmoja wao aliinuka kwenda, ingawa ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Jambo hilo hunisumbua kila mwaka, kwa kuwa sisi tunaohubiri tunafanana na waandishi kuliko na wageni wale. Waliomsujudia Mtoto walikuwa watu wa taifa jingine, wenye lugha nyingine.

Nanyi mlio jirani na Nyarugusu, ambako wakimbizi wa Kongo walipokewa tangu mwaka 1996, darubini ikiwa moja na watoto ni arobaini, wapangeni mstari. Mtoto wa mkimbizi apewe zamu yake palepale aliposimama, wala asirudishwe nyuma.