Lisemwalo Lipo? Kuchunguza Uvumi Juu ya Sheria za Bunduki na Risasi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu baada ya chakula cha jioni, katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kunitaka niseme machache, aliniachia nichague mwenyewe la kusema. Nimechagua jambo ambalo huenda likaonekana la mbali: namna ya kuchunguza uvumi juu ya sheria za bunduki na risasi. Ninazo sababu mbili. Kwanza, kwa miaka mingi nilifanya kazi katika maktaba ya umma katika Jimbo la Illinois, Marekani, kwenye meza ya karatasi za serikali, na ni mambo machache yaliyowaleta watu mezani pangu wakiwa na hofu kama hilo. Pili, nikitazama ukumbini humu naona wenzangu wengi ambao watoto wao wanasoma au wanafanya kazi huko. Kwa mgeni, kosa la silaha haliishii kwenye faini au kifungo. Laweza pia kumfanya aondolewe nchini, na masomo yote yakapotea.

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi siipingi methali hiyo, lakini kwa upande wa sheria naona yafaa iongezewe maneno. Lisemwalo huenda lilikuwapo, likafa. Au lipo, lakini si kama lisemwavyo. Katika miaka yangu pale mezani, uvumi uliokuwa uongo mtupu ulikuwa nadra. Aghalabu palikuwa na karatasi ya kweli, ila mwenye kuipeleka habari aliacha kusema karatasi ile imefika wapi. Nitawapa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa muswada uliokufa. Februari 2000, Seneta Jack Reed wa Rhode Island alipeleka muswada nambari 2099, uliotaka bastola ziandikishwe chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1934. Sheria hiyo ya 1934 imewekwa katika fungu la sheria za kodi. Muswada haukupita. Bunge la Marekani lina umri wa miaka miwili, na muswada usiopita ndani ya muda huo hufa pamoja na Bunge lake. Basi na huo ulikufa mwisho wa mwaka 2000. Lakini mwaka 2009 watu walianza kupelekeana habari kwamba kila mwenye bunduki atalazimika kuiandika katika fomu yake ya kodi ya mwaka huo, na nambari iliyotajwa ni ile ile 2099. Nambari ilikuwa ya kweli, na neno kodi lilitokana na jambo la kweli. Kilichofichwa ni kwamba muswada wenyewe ulikuwa kaburini miaka minane. Fomu ya kodi ilipotoka haikuwa na swali lo lote la bunduki.

Mfano wa pili ni wa muswada uliokuwa hai lakini haukuwa sheria. Tarehe 6 Januari 2009, Mbunge Bobby Rush wa Illinois alipeleka muswada nambari 45 katika Baraza la Wawakilishi. Uliitwa kwa jina la mwanafunzi wa Chicago aliyeuawa kwa risasi ndani ya basi mwaka 2007. Ulitaka mwenye bastola na aina fulani za bunduki awe na leseni, na mauzo yaandikwe. Hayo yote yalikuwamo. Lakini watu waliokuja kwangu waliambiwa kwamba imekwisha kuwa sheria. Niliwaonyesha karatasi: muswada umepelekwa kwenye kamati, basi. Haukupigiwa kura, nao ukaisha na Bunge lile. Anayeupenda muswada na anayeuchukia wote wana haki ya kusema. Hata hivyo wote wawili wanapaswa kwanza kujua kwamba wanazungumzia pendekezo.

Mfano wa tatu nautoa ili msidhani kwamba nasema kila uvumi ni upuuzi. Mwanzoni mwa 2015 zilienea habari kwamba serikali inataka kuzuia aina moja ya risasi za bunduki, ziitwazo M855, zenye ncha ya rangi ya kijani. Aliyetafuta katika miswada ya Bunge hakuona kitu, akasema ni uongo. Kumbe alitafuta pasipo. Tarehe 13 Februari 2015 idara ya serikali inayosimamia silaha ilikuwa imetangaza pendekezo lake na kuwataka wananchi watoe maoni. Yalifika maoni zaidi ya 80,000, na tarehe 10 Machi idara ikaliweka kando. Hapo tunajifunza kwamba sheria haitoki Bungeni peke yake. Ziko na kanuni za idara. Tena tunajifunza faida ya kuchunguza mapema: waliojua ukweli waliandika barua wakati barua ilikuwa na kazi.

Sasa, ndugu zangu, uvumi wa kwamba kitu kitapigwa marufuku una hasara zake. Mwaka 2013 watu wengi huko walikimbilia madukani kwa hofu ya sheria mpya, hata risasi ndogo za kawaida zikawa adimu. Lakini uvumi ninaouogopa zaidi ni ule wa upande wa pili, usemao: "Sasa ruksa." Mwenye hofu hununua asichohitaji, akapoteza fedha. Mwenye kudanganywa kwamba ni ruksa huvunja sheria bila kujua.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilitoa hukumu iliyoiangusha marufuku ya bastola ya mji wa Chicago, iliyokuwapo tangu 1982. Watu wakasema sheria ya bastola imeondolewa Chicago. Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Sheria ya Jimbo la Illinois ya mwaka 1968, inayomtaka mwenye silaha awe na kitambulisho maalumu, ilibaki palepale. Huko kuna sheria za nchi nzima, za jimbo na za mji, na moja ikianguka, nyingine hazianguki nayo.

Na juu ya vijana wetu, naomba mnisikilize vizuri. Sheria ya nchi nzima huko inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwamo, kuwa na bunduki au risasi, ila kwa sababu chache zilizotajwa, kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mwenye ukaazi wa kudumu hesabu yake ni nyingine, lakini naye akitiwa hatiani kwa kosa la silaha aweza kuondolewa nchini. Kwa hiyo kijana akiambiwa na rafiki kwamba sheria imebadilika, twende tukajaribu shabaha, jibu lake liwe: "Nionyeshe."

Aonyeshwe nini? Mimi nilikuwa nikiuliza maswali matano. Nambari yake ni ipi, na ya mwaka gani? Umetoka wapi: Bunge la nchi, jimbo, mji, au idara? Umefika hatua gani: umesomwa, uko kwenye kamati, umepigiwa kura, au umetiwa sahihi? Maneno yake yenyewe yasemaje? Na mwisho, unaanza kutumika lini? Siku hizi miswada ya Bunge la Marekani yote husomwa bure katika intaneti, na hatua iliyofikia imeandikwa juu yake. Asiyeweza kujibu hata swali moja kati ya hayo, habari yake isipelekwe kwa mwingine.

Maswali hayo yanafaa hapa nyumbani vile vile. Muswada wetu hutangazwa katika Gazeti la Serikali, na mwishoni mwake huandikwa madhumuni na sababu. Husomwa Bungeni, na hauwi sheria mpaka Rais aukubali. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hivyo kisingizio cha Kiingereza kinazidi kupungua.

Tena kumbukeni Septemba na Oktoba 2022, serikali ilipotoa msamaha kwa watu wanaomiliki silaha kinyume cha sheria wazisalimishe bila kushitakiwa. Lilikuwa jambo jema, nalo lilikuwa na muda wake. Fikirini sasa mtu kijijini aliyeachiwa gobori na babu yake, bila kibali. Anapata tangazo lile kwenye simu, tarehe imekatwa. Analifunga gobori katika gunia, anaanza safari, na njiani anakutana na askari. Tangazo analolionyesha lilikuwa la kweli, ila muda wake ulikwisha zamani. Aliyelipeleka bila tarehe yuko nyumbani kwake anakunywa chai. Mtu kama huyo angetangulia kuuliza polisi au serikali ya kijiji, mikono mitupu, silaha ikiwa bado nyumbani, angeelekezwa la kufanya.

Walimu wetu mliopo hapa mlitufundisha kuandika tarehe juu ya kila zoezi, na tulinung'unika. Naomba tuirudishe desturi hiyo katika habari tunazopelekeana: tarehe, nambari, na mahali zilipotoka.