Deni la Mzazi ni la Nani?

(Mada iliyotolewa na Kamati ya Mikopo siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Rwamishenye, Bukoba)



Habari za hisa na faida mmekwisha kuzisikia katika risala. Sisi Kamati ya Mikopo tumepewa dakika chache, nasi tumeonelea tuzitumie kwa swali moja ambalo akina mama hutuuliza kwa kunong'ona baada ya kikao: mzazi akibaki na deni, mtoto analipa?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Kuna mama aliyetumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la binti yake, akakopa humo. Kuna kijana aliyezika baba yake, kabla matanga hayajaanuliwa akafika mnunuzi akisema kahawa yote ya kibanjani ameshainunua. Na kuna mwenzetu ambaye mwanawe yuko Marekani, naye alikuwa akitumia kadi ya mkopo ya mzazi wake aliyemlea huko. Mzazi kafariki, barua za deni zinakuja kwa mtoto.

Jibu letu ni fupi, na tungependa kila mmoja aondoke nalo: deni hufuata saini, na deni hufuata mali. Halifuati damu. Sasa tueleze.

Tuanze na saini. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema mdhamini anawajibika sawasawa na mkopaji mwenyewe, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Maana yake, ukisaini kumdhamini mama yako mkopo wa shilingi 600,000, naye akashindwa, hudaiwi kwa sababu ni mama yako. Unadaiwa kwa sababu ulisaini. Hata jirani angesaini angedaiwa vilevile. Lakini aliyesaini kama shahidi tu, yaani aliyeona watu wakikubaliana, huyo si mdhamini. Kwa hiyo jamani, kabla kalamu haijagusa karatasi, uliza: hapa naandikwa kama nani? Ukijibiwa "saini tu, ni utaratibu", rudisha kalamu.

Na aliyedhamini akalipa, asikae kimya. Sheria inampa haki ya kumdai yule aliyemlipia. Kama dhamana yake ilikuwa ya kuendelea, mkopo baada ya mkopo, anaweza kutoa taarifa ya kuiondoa kwa mikopo ijayo. Ile ambayo imekwisha kutoka bado inambana.

Habari ya kadi ya Marekani nayo inakwenda hivyohivyo. Kule kadi inaweza kuwa na mtumiaji aliyeruhusiwa tu, na inaweza kuwa na mwenye akaunti wa pili aliyesaini pamoja na wa kwanza. Aliyeruhusiwa kutumia, kwa kawaida, hawajibiki kulipa deni la mwenye kadi. Aliyesaini pamoja naye anawajibika. Mwenye kadi akifa, deni hulipwa kutoka katika mali aliyoacha. Kwa hiyo tulimwambia mwenzetu: mwanao asilipe kwa woga. Kwanza aache kuitumia kadi ile, kisha awaombe wanaodai wamwonyeshe karatasi aliyosaini.

Kwetu hapa, kadi yetu ni simu. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa uanze mwaka 2019, wazazi wengi ambao hawakuwa na kitambulisho walisajiliwa laini na watoto wao. Ni msaada mwema. Lakini mkopo ukichukuliwa kwenye laini hiyo, kwa mkopeshaji aliyekopa ni yule mwenye kitambulisho. Hapo mambo yanageuka: mama ametumia, binti ndiye mdaiwa. Na wakopeshaji rasmi hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata ya Benki Kuu, kwa hiyo kesho binti akienda benki ataulizwa. Mzazi akishapata kitambulisho chake, asajili laini yake mwenyewe.

Wapo pia wale wa mikopo ya kwenye simu wanaopiga namba zote walizozikuta humo, wanawatukana ndugu na kuwaaibisha. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Namba yako kuwa kwenye simu ya mama si dhamana. Hukusaini kitu. Usitume hata senti kwa sababu ya kutukanwa. Nenda polisi na ujumbe walioutuma.

Sasa tuje kwenye mali. Mtu akifa, madeni yake hayafi, ila hayahamii kwenye mfuko wa mtoto. Yanabaki juu ya mali aliyoiacha. Mahakama ya Mwanzo ikishamteua msimamizi wa mirathi, anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe Fomu Namba 5, yenye orodha ya mali na madeni. Hulipwa kwanza gharama za mazishi na za mirathi, kisha madeni, na kinachobaki ndicho hugawanywa. Mali ikiisha kabla ya madeni kuisha, mdai amekosa, mtoto hachimbi mfukoni. Lakini mkigawana kibanja mbiombio kabla ya kulipa, mdai anaweza kuwafuata kwa kile mlichochukua.

Na yule mnunuzi wa kahawa? Hiyo ni butura tunayoijua wote: mzee anapokea fedha kahawa ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Mwenye madai hayo ayapeleke kwa msimamizi wa mirathi kama wadai wengine, na mahakama iamue kama makubaliano hayo yanasimama. Haruhusiwi kuingia kibanjani kuchuma.

Mabinti nao wasidhani hayawahusu. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, iliamua shauri la Holaria Pastory, lililoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba. Alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake kwa wosia, na mahakama ikasema mwanamke ana haki kama mwanamume. Basi binti akiwa mrithi, naye aketi kwenye kikao cha mirathi na aione orodha ya madeni.

Onyo moja kubwa. Msibani watu hulainika. Mdai anakuja na karatasi mpya: "Andika tu kwamba utamalizia deni la marehemu." Mtoto kwa aibu anasaini. Hapo ndipo deni la baba linapokuwa lake! Mjibuni kwa heshima: "Pole na wewe, peleka madai yako kwa msimamizi."

Ndugu wanachama, haya hatuwaambii wakopeshaji wengine tu. Sisi nasi ni wakopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi kama chetu, na katiba yetu ndiyo mkataba wetu. Kwa hiyo Kamati inaleta mapendekezo matatu, yapigiwe kura kabla ya chakula:

1. Mdhamini asomewe fomu yote kwa sauti, kwa Kiswahili na Kihaya, ndipo asaini. Mwana asiyekuwepo asiandikwe na mzazi wake.

2. Mwanachama akifariki, akiba na hisa zake zilipe deni lake kwanza. Salio lidaiwe kwa mdhamini aliyesaini na kwa msimamizi wa mirathi.

3. Mtu yeyote wa kikundi asiende msibani na daftari la madeni. Msibani twende na rambirambi.

Wapo watakaosema fedha zitapotea. Zinaweza kupotea, ndiyo. Lakini mwenzetu akijua kwamba wanawe hawatasumbuliwa juu ya kaburi lake, atakopa akiwa wazi, na mdhamini wake atasaini akijua anachosaini. Mikopo ya namna hiyo ndiyo inayorudi.

Mwenyekiti, tunaomba kura.