Mashine Ipo, Foleni Haiishi: Uwezo wa Uzalishaji na Mtiririko wa Kazi katika Viwanda Vidogo vya Alizeti Singida

Mada kwa semina ya wenye viwanda vidogo vya kukamua mafuta, Singida

Utangulizi

Abiria wa basi linalotoka Dodoma kwenda Nzega huijua Singida kabla hajafika stendi. Kando ya barabara yamepangwa madumu na chupa za mafuta ya alizeti, pamoja na asali na kuku wa kienyeji. Nyuma ya madumu hayo kuna viwanda vidogo: banda la bati, mashine ya kukamua, tenki, chujio na rundo la mashudu.

Mwaka 2021 serikali iliiweka Singida, pamoja na Dodoma na Simiyu, katika mikoa ya mkakati wa kuongeza kilimo cha alizeti. Takwimu zilizotajwa wakati huo zilionyesha kuwa nchi inahitaji takriban tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na inazalisha takriban tani 205,000. Pengo hilo limeshazungumzwa vya kutosha. Mashine zinazolala usingizi katika mkoa huu wenye alizeti hazijapata msemaji.

Maana ya maneno

Uwezo wa uzalishaji ni kiasi ambacho kiwanda kinaweza kutoa kwa muda fulani. Mtiririko wa kazi ni safari ya malighafi tangu inaposhushwa mlangoni hadi inapotoka ikiwa bidhaa. Washiriki wanayajua haya, na semina nyingi zimeishia hapa hapa. Mada inapita.

Jambo moja tu liongezwe: namba iliyo kwenye kibao cha mashine si uwezo wa kiwanda. Tani 8 kwa siku maana yake ni saa 24 bila kusimama. Kwa zamu moja ya saa 8 zinabaki kama tani 2.7. Ukitoa muda wa kuipasha mashine moto, kuisafisha na kuizibua inapokabwa na mchanga, zinabaki tani 2, na hapo umeme haujakatika.

Tatizo la mashine ya pili

Hapa ndipo mtoa mada amepigana kwa miaka, na anaomba radhi mapema kama sehemu hii itakuwa ndefu kuliko nyingine zote.

Kila msimu hadithi ni ile ile. Mavuno yanaingia kuanzia Mei, wakulima wanapanga foleni na magunia, wengine wanalala nje ya banda. Mwenye kiwanda anaitazama foleni na kukata shauri: mashine haitoshi. Anakopa, ananunua ya pili. Msimu unaofuata foleni ipo pale pale, na deni limekuja kukaa nayo.

Tuchukue kiwanda cha mfano. Kinakamua tani 2 kwa siku na kupata mafuta robo ya uzito wa mbegu, yaani kilo 500, sawa na lita 540 hivi. Mafuta hayo lazima yatuame siku 3 kabla ya kuchujwa. Hesabu haihitaji mtaalamu: lita 540 mara siku 3 ni lita 1,620 za nafasi. Kiwanda kina tenki moja la lita 1,000. Kwa hiyo, hata mashine ikiwa na nguvu za nyati, kiwanda kinaweza kupitisha lita 333 tu kwa siku, ambazo ni mbegu tani 1.2. Mashine inasimama kusubiri tenki. Mashine ya pili nayo itasimama, kando ya mwenzake, kusubiri tenki lile lile.

Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli, alilieleza jambo hili mwaka 1984 katika riwaya yake ya kiwandani, The Goal. Kundi la vijana linatembea kwa mstari porini, na mstari mzima unakwenda kwa mwendo wa kijana mmoja mzito. Nafuu inapatikana pale mzigo wake unapogawanywa. Kuwahimiza wenye mbio hakusaidii kitu. Mfugaji wa punda wa wilayani Iramba hahitaji riwaya kulielewa hilo. La kushangaza ni kwamba mfugaji huyo huyo akifungua kiwanda, anaongeza punda mwenye nguvu na kumwacha dhaifu na mzigo wake.

Kuna ugonjwa mwingine pia, wa kukamua kwa malipo. Mkulima analeta magunia 3 na anataka mafuta ya alizeti yake, si ya jirani. Wa nyuma yake ana gunia 1. Kati ya mteja na mteja mashine inaachwa itoe mabaki, mashudu yanapimwa, ubishi unazuka, dumu linatafutwa. Kwa siku yenye wateja 15, dakika 10 za kila mabadiliko zinakula saa 2 na nusu katika zamu ya saa 8. Hakuna fundi aliyewahi kuitwa kutengeneza hitilafu hiyo, kwa sababu haipigi kelele.

Kisha huja Novemba, mvua zinaanza, na banda linanyamaza. Kiwanda cha mfano, hata tenki likitosha, kingefanya kazi siku 150 kwa mwaka, kingehitaji tani 300, zaidi ya magunia 4,600 ya kilo 65. Mwenye kiwanda alikuwa na fedha za magunia 1,200, yaani tani 78. Kwa tani 2 kwa siku, hizo ni siku 39. Mashine ikiwa moja, inalala siku zaidi ya 320. Zikiwa mbili, kila moja inafanya kazi siku 19 na nusu. Wakati huo alizeti iliyonunuliwa kwa bei ya chini Juni na Julai ipo kwenye maghala ya wenye mitaji mikubwa.

Mada haikusudii kulaumu taasisi yoyote. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, limewasogeza wajasiriamali wengi karibu na mashine. Serikali nayo ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka nje hadi asilimia 25 katika bajeti ya 2018/19 ili kulinda soko. Ila mikopo ya vifaa huonekana rahisi kuandikiwa kuliko mikopo ya kununulia malighafi, maana mashine inaweza kukamatwa na gunia linaweza kukamuliwa. Hili limeshasemwa mbele ya meza nyingi, na kila meza huliandika kwenye muhtasari.

Ubora wa mbegu nao unaingia kwenye mtiririko. Katika miaka ya 1980 mhandisi Carl Bielenberg alibuni mkoani Arusha mashine ya kukamua kwa mkono, na watumiaji waliona haraka kwamba inapatana na alizeti ya ganda laini kuliko ya ganda gumu. Hadi leo mashine inachagua mbegu: gunia lililojaa mapepe na mchanga linakula shafti, linapunguza mafuta na kurefusha foleni.

Mapendekezo

Mwenye kiwanda apime kabla ya kununua. Kwa mwezi mmoja aandike saa ambazo mashine imezunguka, saa ilizosimama na sababu ya kusimama. Mbegu zipepetwe na kuchekechwa mlangoni, si baada ya shafti kuisha. Tenki la kutuamisha liongezwe kabla ya mashine, na chujio liangaliwe kabla ya tenki la tatu. Wateja wadogo wapewe siku zao, au wabadilishane mbegu kwa mafuta yaliyokwisha chujwa, kwa kipimo kilichobandikwa ukutani wote wakione. Wenye viwanda jirani wanunue alizeti pamoja. Sheria ya stakabadhi za maghala ipo tangu 2005; benki ziipokee stakabadhi ya alizeti kama dhamana bila kuzungushana. Taasisi zinazokopesha mashine zidai kwanza daftari la saa za mashine iliyopo. Maafisa biashara wa halmashauri, wanapohesabu viwanda, wahesabu pia siku vilivyofanya kazi. Na kwa mara nyingine, kwa kuwa ndilo linalosahaulika wakati wa chai: apime kabla ya kununua.

Mavuno yajayo yanaanza Mei. Washiriki wanaombwa kurudi kwenye kikao kijacho na kaunta buku ya saa za mashine za mwezi mmoja, hata kama imechafuka mafuta.