Kamera Katika Mahakama ya Juu: Wananchi Waone na Waelewe



Nimeombwa nizungumzie iwapo kamera za televisheni ziruhusiwe katika mahakama ya juu kabisa ya nchi. Nitaijadili Kenya, maana huko swali hili lilikwisha kutoka kwenye makongamano ya wanasheria likaingia sebuleni mwa watu na kwenye simu zao. Msimamo wangu nautaja mapema: kamera ziwemo, ziwemo siku zote, na kinachosemwa mbele yake kifike kwa wananchi kwa Kiswahili.

Matokeo ya urais ya 2007 yalipotangazwa, upinzani ulikataa kwenda mahakamani. Viongozi wake walisema wazi kwamba hawakuwa na imani na majaji. Ugomvi ukahamia barabarani, na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha. Katiba ya 2010 ikaunda Mahakama ya Juu yenye majaji saba na kuipa siku 14 tu za kuamua kesi ya kupinga uchaguzi wa rais. Kesi hizo zilipofika kwa mara ya kwanza mwaka 2013, mbele ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, televisheni zilizionyesha mubashara. Raila Odinga, aliyekuwa amepinga matokeo, alishindwa, akasema haafiki uamuzi lakini anauheshimu. Sidai kwamba kamera ndiyo iliyoleta utulivu ule. Katiba mpya na uchungu wa 2007 vilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Hata hivyo wafuasi wa Odinga walizisikia hoja zao zikitolewa, na waliona pia hati yake ya kiapo ya nyongeza ikikataliwa kwa kuchelewa. Hawakusimuliwa na mtu.

Mwaka 2017 ulitufundisha zaidi. Tarehe 1 Septemba, Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kwamba uchaguzi wa rais umefutwa, majaji wanne dhidi ya wawili. Kabla ya hapo watazamaji walikuwa wamewafuata mawakili wakibishana juu ya fomu 34A za vituo vya kupigia kura na 34B za maeneo bunge: ipi haina saini, ipi haina alama za usalama, na kwa nini seva za tume ya uchaguzi hazikufunguliwa kama mahakama ilivyoagiza. Mambo ya namna hii kwa kawaida huishia kwenye majalada.

Lakini tukio ninalotaka tulitazame kwa makini ni la tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, siku moja kabla ya uchaguzi wa marudio. Kulikuwa na ombi la kuuahirisha. Akidi ya mahakama ni majaji watano. Waliofika ni wawili, Maraga na Isaac Lenaola. Usiku uliotangulia dereva wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alikuwa amepigwa risasi. Maraga alieleza hadharani, kamera zikiwaka, sababu za wenzake kutofika, kisha akasema kesi haiwezi kusikilizwa. Bila kamera, habari hiyo ingetufikia kama tangazo la sentensi mbili kutoka kwa msajili, na kila mtu angeijaza kwa uvumi wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote: kamera hulinda kumbukumbu ya taifa hata siku ambayo mahakama imeshindwa kukaa.

Wapo wanaohofia usalama wa majaji, na hofu yao si ya bure. Baada ya uamuzi wa Septemba, Rais Uhuru Kenyatta aliwaita majaji hao wakora mbele ya umati. Ila sura na majina yao yalikwisha kujulikana; ulinzi wao ni kazi ya dola, na kuzima kamera hakumzuii mwenye bunduki. Wengine hutetea mashahidi. Hoja hiyo naikubali kabisa katika mahakama zinazosikiliza kesi za ubakaji au za watoto, na Ibara ya 50 ya Katiba inaruhusu wanahabari kutolewa nje. Kesi za urais, kwa sehemu kubwa, huendeshwa kwa hati za kiapo na hoja za mawakili. Na wakili anayeigiza kwa ajili ya kamera, jaji anaweza kumpunguzia muda.

Nje ya Kenya, Marekani bado imekataa picha. Tangu Mei 2020, wakati wa korona, Mahakama yake ya Juu inarusha sauti peke yake. Uingereza, ambako sheria ya 1925 inapiga marufuku kupiga picha mahakamani, iliiondoa Mahakama yake ya Juu katika marufuku hayo. Ndiyo maana mnamo Septemba 2019 raia walimwona rais wa mahakama hiyo, Lady Hale, akisoma uamuzi kwamba kusimamishwa kwa Bunge kulikuwa kinyume cha sheria.

Sasa nifike panaponiuma. Katika kesi hizi za Kenya, mawakili na majaji huzungumza Kiingereza karibu mwanzo hadi mwisho. Mama anayeuza samaki Kisumu au Lamu anaona majoho, anaona vidole vikinyooshwa, halafu anasubiri mtangazaji amfupishie. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hatuwezi kumwambia mama huyo kwamba mahakama iko wazi kwake.

Napendekeza mahakama yenyewe iandike kanuni za matangazo, isiachie kila jopo kuamua siku ya kesi. Kanuni zihusu rufaa za ardhi, kodi na ajira kama zinavyohusu urais. Rekodi kamili ihifadhiwe na mahakama, ili vipande vinavyokatwa na kusambazwa kwenye simu viweze kulinganishwa na asili. Na pawe na mkalimani wa Kiswahili kwenye chaneli ya pili, pamoja na muhtasari wa hukumu kwa Kiswahili siku ileile inaposomwa. Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 2027, na wakalimani wanaoijua sheria hawapatikani kwa wiki moja. Mafunzo yao yaanze sasa.