Juji Atoke Ofisini: maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Kasongo

Walioko nyuma sogeeni karibu, sina mikro, na sauti yangu munaijua.

Nianze na jambo la nyumbani. Mwaka juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikopa franka akanunua mawese ya kuuza. Biashara ikaanguka. Mwenye franka hakwenda tribinali. Alienda kwa mutu anayejuana naye, na mtoto akatupwa kasho siku sita. Kasho ya wapi, sitasema, juu leo sikuja kushitaki mutu. Nimekuja kujishitaki mimi. Jamaa yote tulikimbia pale, na tulifanya nini? Tulichanga. Kila mlango tulilipa: wa kumuona, wa kumpelekea chakula, wa kumtoa. Mimi mwenye lisansi, mimi niliyekaa miaka mitano kwenye oditware, nilisimama na shati langu la pasi nikatoa franka kama wengine. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza: huyu amefungwa kwa kifungu gani, na tangu saa ngapi?

Na jibu lilikuwa limeandikwa. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema mutu akikamatwa aambiwe mara moja sababu, na kwa lugha anayosikia. Garde a vi haipite masaa 48. Yakiisha, aachiliwe ao awekwe mikononi mwa mwenye mamlaka ya sheria. Na lile deni lenyewe? Kuna mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, nchi yetu iliuingia mwaka 1976. Kifungu cha 11 kinakataza kufunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Akiiba ao akidanganya, ile ni habari ingine. Mawese kuoza si wizi.

Sasa munauliza, kwa nini hatukujua? Wengine watasema juu hatusomi. Sawa, lakini tuangalie nyuma kidogo, juu hapa kwetu sheria haikuanza kama kitu cha kumlinda mutu.

Munajua kama mji huu ulikuwa wa Tippu Tip, kisha wa mtoto wake Sefu, na kama majeshi ya Dhanis yaliuteka mwezi wa 4 mwaka 1893. Waliomfungulia Dhanis njia walikuwa watu wa Ngongo Lutete. Ngongo alikuwa mutu wa Tippu Tip, akageuka, akapigana upande wa Leta. Mimi simuiti shujaa, mikono yake ilikuwa na damu nyingi. Lakini sikieni vile alivyokufa. Mwezi wa 9, mwaka ule ule, maofisa wachache kule Ngandu walimshitaki kama anawasaliti. Waliomshitaki njo waliokaa kumhukumu, na walimpiga risasi haraka haraka. Dhanis alikuwa ametuma neno la kuzuia, likafika Ngongo amekwisha kufa. Hiyo njo moja ya hukumu za kwanza za Leta mu hizi pande. Mwenye kushitaki na mwenye kukata maneno ni mmoja, na barua ya haki inafika kisha maziko.

Babu zetu waliikuta ile sura tena kwenye pamba. Tangu mwaka 1917 Wabelgiji waliweka kilimo cha lazima. Administrateri wa teritware alikuja kuangalia shamba lako, na kwenye tribinali ya polisi ni yeye yule alikaa kama juji. Amri ni yake, hukumu ni yake, jela ni yake. Pembeni kulikuwa tribinali za wenyeji, zilizopangwa kwa dekre ya tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 1926, ambako machifu walikata maneno ya ndoa na mashamba, chini ya jicho la Mzungu. Basi mzee wako akikwambia «Leta haishitakiwe», usimcheke. Alifundishwa vile.

Kisha uhuru, sheria ya mwaka 1968 ilileta tribinali ya amani, ile tunaita tripe, ichukue nafasi ya zile za polisi na za desturi. Mwaka 1968! Sheria ya mwaka 2013 inarudilia kama kila mji na kila teritware iwe nayo. Ni ya makosa ambayo malipo yake hayapite miaka mitano ya jela, pamoja na maneno ya jamaa, ya uriti, ya mashamba ya desturi. Ni kusema, karibu kila kitu kinachotugombanisha kila siku.

Lakini tribinali kwenye karatasi haina miguu. Ndugu zetu wa Kabambare, kutoka kule mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 100, na wakati wa mvua munajua ile barabara inafanyaka nini na pikipiki. Wa Salamabila, kwenye zahabu, ata tusiongee: kule mwenye bunduki njo anakataka maneno. Mama anayetafuta shamba la bwana wake marehemu atalipa pikipiki, atalala kwa watu, ataambiwa rudi wiki ijayo. Atarudi mara ngapi? Kwa binti aliyeharibiwa, jamaa mbili zinakaa, mbuzi inatoka, maneno yanafungwa. Sheria mbili za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 ziliweka malipo makali kwa ubakaji, na zikakataza kesi kumalizwa kwa amande ya mapatano. Mbuzi haiwezi kuzima kesi ile. Nani aliwaambia wazee wa kijiji? Kwa lugha gani?

Hapa njo nataka tusimame. Kifungu cha 142 cha Katiba kinasema sheria ikitiwa sahihi, Serikali iitangaze kwa kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, mu siku 60. Kiswahili ni moja. Nani hapa amekwisha kushika mkononi sheria ya jamaa kwa kiswahili? Inua mkono. ... Basi.

Ndiyo maana tunaomba majuji watoke. Tanzania wana Wiki ya Sheria kila mwaka: majuji na mahakimu wanakaa uwanjani, watu wanauliza bila kulipa. Mwaka 2021 walibadili sheria ata lugha ya mahakama ikawa kiswahili. Na kwetu sheria inamruhusu juji kubeba tribinali yake mpaka kijijini, ile tunaita odianse foreni. Ingeanza kwa saa moja ya maelezo mbele ya kesi: OPJ ni nani, parke ni nani, juji ni nani, juu wengi wanaona wote ni mutu mmoja. Ingine: kipi kinalipwa na risiti, kipi hakilipwe kabisa.

Kuna mwenzetu aliniambia jana: juji akiongea na watu, atapoteza uhuru wake. Ile hofu naiheshimu. Kifungu cha 149 kinasema mamlaka ya majuji haitegemei Bunge wala Serikali, na sisi pia hatutaki kumtia juji mfukoni. Asiongee kesi iliyo mezani kwake. Aeleze sheria, basi. Mwingine alisema kwa ukali: «Wale wanakula pamoja, utawaita waje kutufundisha nini?» Labda. Lakini juji aliyetamka masaa 48 mbele ya soko nzima, kesho itamuwia vigumu kusema hakusikia.

Barua iko hapa, ukurasa mmoja, moja ya Kasongo, moja ya Kabambare. Tunaomba siku moja kila miezi mitatu, kwa kiswahili, bila bahasha. Wenye kujua kifaransa cha sheria, mubakie, tutafsiri vifungu 17 mpaka 21 leo hii. Na kuanzia wiki ijayo, wawili wawili, tuende kukaa kwenye odianse. Kifungu cha 20 kinasema ziko wazi kwa watu wote, isipokuwa juji aamue kufunga kwa usalama ao kwa adabu. Vaeni vizuri, zimeni telefone, andikeni. Kalamu ninazo tatu tu, mwenye yake ailete.